Meli Ambayo Mama Hakuipanda

Kampala, Jumapili usiku, 22 Machi 2020

Saa hizi Mama angekuwa Dubai akingoja ndege. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya usiku huu, na kama mambo yangekwenda tulivyoyapanga mwezi wa kumi na mbili, mimi ningekuwa najiandaa kwenda Entebbe kumpokea. Badala yake nipo kitandani na simu mkononi, nasikiliza redio ya jirani ikirudia tangazo lilelile: kuanzia saa sita usiku wa leo, hakuna ndege ya abiria kuingia wala kutoka. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana. Mwanamume wa miaka 36, alishuka Entebbe jana alfajiri, akitokea Dubai.

Niliposikia Dubai nikaketi.

Kaka yetu yuko huko mwaka wa saba sasa, kazi za hoteli. Mwaka jana alipopandishwa cheo alitaka kumfanyia Mama jambo la kusimuliwa Namakwekwe nzima, mtaa wake Mbale, akamlipia safari ya meli ya kitalii: kuondoka Dubai Jumamosi tarehe 14 Machi, kupita Abu Dhabi, kutia nanga Maskati huko Oman, kurudi Dubai tarehe 21. Dada wa Jinja aliuliza kwa nini pesa hizo zisimpeleke Umra. Swali hilo lilizua lake, tuliache.

Mama mwenyewe hakujali meli. Alichotaka ni Maskati. Bibi yake alikuwa akimsimulia kwamba babu zao walipanda kutoka pwani na misafara ya biashara, na huko Maskati wapo watu waliotoka Unguja ambao mpaka leo wanaongea Kiswahili majumbani mwao. "Tena kizuri kuliko hiki chenu cha kota za polisi," alinichoma. Kaka akatuma sanduku jipya jekundu, la magurudumu, lenye kufuli la namba. Likakaa sebuleni Mbale, likitiwa nguo moja moja tangu Januari.

Februari ikaja na habari za Yokohama, Japani. Meli inaitwa Diamond Princess, watu 3,711 ndani yake. Abiria mmoja alikuwa ameshuka Hong Kong tarehe 25 Januari, baadaye akakutwa na virusi. Abiria waliobaki waliamriwa wajifungie vyumbani tarehe 5 Februari. Hesabu mwenyewe: siku kumi na moja za muziki, sinema na kujipakulia chakula kwa kijiko kimoja. Hata baada ya amri hiyo wafanyakazi waliendelea kupika na kupeleka sahani mlango kwa mlango, na usiku wanarudi kubanana kwenye vyumba vyao vya chini. Mwisho wa yote walioambukizwa wakapita 700.

Lakini iliyoninyima usingizi mimi ni nyingine, Westerdam, ambayo haikuwa hata na mgonjwa aliyethibitishwa. Ilikataliwa Japani, Taiwan, Ufilipino, Guam na Thailand, mpaka Kambodia ikaipokea katikati ya Februari. Abiria wengi humo walikuwa na zile pasipoti zinazofungua milango duniani, na bado walizungushwa baharini kama kuku wa kuuzwa asiyepata mnunuzi. Sasa Mama, na pasipoti yake ya Afrika Mashariki yenye kurasa tupu, angeshukia wapi?

Haya yote tulikuwa tunayajua. Naandika hivyo kwa sababu nimewasikia watu wakisema hakuna aliyejua. Kwenye kundi letu la WhatsApp tulitumiana kila habari, na bado wiki tatu zilipita hakuna aliyethubutu kuandika neno "tufute".

Sababu ilikuwa pesa, na pesa ilikuwa na masharti yake. Ukivunja safari mwenyewe ikiwa imebaki chini ya mwezi, unapoteza nusu. Zikibaki siku tano, hupati hata senti. Ila kampuni ikivunja yenyewe, inakurudishia zote. Kwa hiyo abiria anaiombea kampuni iogope kwanza, na kampuni nayo inaomba abiria waogope kwanza. Tukawa tunangojeana kama watu wawili mlangoni, karibu wewe, hapana tangulia wewe. Kila nilipopiga simu, binti wa kampuni alinijibu kwa upole kwamba safari ipo palepale na meli inasafishwa mara mbili kwa siku. Watu wa bima nao wakanifafanulia kwamba hofu si ugonjwa, na wao wanalipia ugonjwa.

Juu ya hayo kulikuwa na kaka. Mtu amejinyima mwaka mzima, utamwambiaje zawadi yake imegeuka hatari? Nilikuwa nimemwachia Mungu na kampuni.

Tarehe 27 Februari Saudia ikafunga Umra kwa wageni. Dada wa Jinja hakuandika kitu siku hiyo. Mama ndiye aliyetuma sauti, ya kwanza tangu mjadala uanze: "Makka wamefunga. Makka! Na hiyo meli bado inakwenda?" Sisi watoto wenye shahada zetu tukamjibu asiwe na wasiwasi, tunafuatilia.

Wikiendi ya sikukuu ya wanawake nikapanda basi kwenda Mbale. Jumapili tarehe 8, siku ya mwisho kabla nusu haijageuka sifuri. Asubuhi hiyo habari ilikuwa ya meli nyingine nje ya California, Grand Princess: waliopimwa 46, waliokutwa na virusi 21, na kati yao 19 ni wafanyakazi. Nikamsomea Mama nikidhani nitamtisha. Hakutishika. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akaanza kuuliza.

"Hicho chumba alichonilipia kaka yako kina dirisha?"

Nikaangalia tiketi. Hakina. Cha ndani, cha bei ya chini.

"Na anayeleta chakula ni mmoja wa hao kumi na tisa?"

Sikuwa na jibu.

Mama ameishi Gulu, kaskazini mwa Uganda. Baba alikuwa polisi, tukahamishiwa huko, na Oktoba 2000 Ebola ikatukuta kota. Mimi nakumbuka kidogo: kunawa maji ya dawa yanayonuka, kupungiana mikono badala ya kushikana, na siku ya Desemba watu wazima waliposimama uani bila kusema, kwamba Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa Ebola, naye amekufa. Watu 224 walikwenda na ugonjwa ule. Mama anakumbuka zaidi, ila hasimulii. Jumapili ile alisimulia moja tu. Jirani yetu, mke wa koplo, alipelekwa kutengwa. Mama alikuwa akimbeba mtoto wake kila jioni hadi kwenye uzio, mama yake amwone kwa mbali. Yule mwanamke alipona. Alichomwambia Mama alipotoka ni kwamba maumivu ameyasahau, ila hajasahau kutojua nje ni usiku au mchana.

"Kufa siogopi, mwanangu, nina miaka 67," akasema. "Lakini nifungiwe baharini kwenye chumba kisicho na dirisha, na kijana wa watu anayeumwa aniletee wali mlangoni kwa kuwa anaogopa kufukuzwa kazi? Sitaki. Mpigie kaka yako, mwambie Mama amekataa. Usiseme mmeshauriana. Sema Mama."

Nilipiga, nikasema hivyohivyo. Nami sikujisikia vizuri, maana alikuwa amechukua lawama ambayo mimi, mtu mzima wa miaka 31, niliikwepa wiki tatu. Kaka alinyamaza, kisha akasema sawa, kisha simu ikakatika. Sijui ilikatika au aliikata.

Yaliyofuata ndiyo yanayofanya nisimcheke mtu yeyote anayesubiri. Tarehe 12 Oman ikatangaza kufungia meli za watalii bandari zake, na Maskati ikatoka kwenye ramani ya Mama. Siku iliyofuata kampuni ikavunja safari yenyewe. Walioshikilia tiketi zao hadi mwisho wakaahidiwa pesa zote. Sisi tulishavunja siku tano nyuma, tumepoteza nusu, zaidi ya milioni moja ya Uganda. Kaka alituma picha ya tangazo hilo kwenye kundi bila neno hata moja. Nikaifuta, nikairudia tena kwenye simu ya mume wangu.

Sidai kwamba tuliona mbele. Huenda Mama angekwenda akarudi salama, na leo ningekuwa nasikiliza hadithi za Maskati. Kusikia Dubai redioni hakujanipa ushindi wowote. Kumenipa tu baridi ya tumbo, na aibu kidogo, kwa sababu wazo langu la pili lilikuwa kumtumia kaka ile habari. Sikumtumia. Hoteli yao imepunguza watu, na wenzake wanane wanalala chumba kimoja.

Jioni Mama amepiga simu. Misikiti imefungwa tangu Rais alipohutubia Jumatano, wajukuu wamerudi kutoka shule na wamemjazia nyumba, ameweka jerikeni la bomba na sabuni mlangoni. Anataka kutoa kanzu zake kwenye lile sanduku jekundu, lakini amesahau namba ya kufuli.

Mimi naijua. Ni mwaka aliozaliwa kaka. Nikamwambia siijui, ampigie mwenyewe.

Imepita saa moja na nusu sasa. Kila nikijaribu namba ya Mama naambiwa inatumika.