Bangi halali Kanada: nini kimepungua, nini kimeongezeka

Mjadala wa kuhalalisha bangi tunauendesha kama simba na yanga, wakati majibu yako kwenye vitu vidogo. Kanada ilihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018. Mtu mzima anaruhusiwa kutembea na gramu 30 za bangi kavu, kwa hiyo kijana hachafuliwi rekodi kwa sababu ya msokoto mmoja.

Mnunuzi naye anajua anachonunua. Pakiti inaonyesha kiasi cha THC, yaani kile kinacholevya, na mzigo hupimwa ukungu, viuatilifu na metali nzito kabla ya kufika dukani. Hilo si dogo. Mwaka 2019 Marekani watu zaidi ya 2,000 walilazwa mapafu yakiwa yameharibika. Mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, kemikali iliyotumika kuchakachua mafuta ya THC ya kuvuta kwa sigara ya kielektroniki, mengi yakiwa ya magendo.

Balaa lipo kwenye pipi na biskuti. Bangi ya kula huchukua dakika 30 hadi saa 2 kupanda. Mtu anajisemea "mbona haishiki", anaongeza, kisha zote zinampandia pamoja. Kanada imeweka ukomo wa miligramu 10 za THC kwa pakiti, tena pakiti ngumu kwa mtoto kufungua, lakini watoto wanaofikishwa hospitali bado wameongezeka (pipi ni pipi, mtoto hasomi lebo). Mgeni wa mambo haya asizidishe miligramu 2.5, asiguse usukani, na kilichobaki akifungie kwa kufuli.