Ng'ombe wa Jirani Usiyesalimiana Naye

Somo: Kutoka 23:4–5, Kumbukumbu la Torati 22:1–4

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Ng'ombe wa kihambani, yaani wa shamba la migomba linalozunguka nyumba, hajazoea safari. Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro ng'ombe wa maziwa anazaliwa bandani, analishwa bandani na kukamuliwa bandani. Maji anapelekewa kwa ndoo. Anakatiwa majani, anapasuliwa mgomba, na nyasi nyingine zinapandishwa kutoka tambarare, mara nyingi vichwani mwa akina mama. Basi siku fito za mlango zikioza, au mtoto akisahau komeo, ng'ombe huyo anatoka bila kujua anakwenda wapi. Anapiga mbio, anasimama ghafla, anashtushwa na nguo zilizoanikwa, anavunja mche wa kahawa, anateleza kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, na mwishowe anaingia kwenye maharage ya watu. Na kwa kuwa vihamba vyetu ni vidogo na vimebanana, hachukui hatua nyingi kabla hajafika kwa jirani.

Kumrudisha kuna namna yake. Hakimbizwi, maana ukimkimbiza unamsaidia kwenda mbali. Watoto wanapangwa kwenye vichochoro: wewe simama hapo kwenye kivuko cha mfongo, wewe nenda kule kwa babu, asipite. Mwenye ng'ombe anakuja taratibu na ndoo ya pumba, anaigonga kwa mkono, anaita kwa sauti ile ile ya kila jioni. Kama kuna ndama analetwa kwa kamba, mama yake amsikie. Wafugaji mtaelewa kwa nini nawapenda sana wale ng'ombe wawili wa Wafilisti katika 1 Samweli 6. Walikuwa wananyonyesha, hawajawahi kufungwa nira, ndama wao wamefungiwa nyumbani, lakini walilivuta gari la sanduku la Bwana moja kwa moja hadi Beth-shemeshi, wakilia njiani, wasigeuke kuume wala kushoto. Asiyefuga anaipita mistari hiyo haraka. Aliyefuga anajua kwamba ng'ombe wa namna ile angegeuza kurudi kwa ndama wake kabla ya kona ya kwanza, na kwamba mkono wa Mungu ulikuwapo.

Leo lakini namwacha ng'ombe, namwacha na mwenye ng'ombe. Nataka tumwangalie mtu wa tatu, yule aliyemwona.

Mahubiri yetu kuhusu waliopotea hukaa zaidi kwenye Luka 15, na ni sawa. Tunamjua mchungaji, tunawajua wale tisini na tisa, tunamjua na huyo mmoja mabegani. Torati inaanzia mahali pengine. Inamwendea mtu ambaye hakupoteza chochote, hakuacha mlango wazi, wala hatapata maziwa ya ng'ombe huyo hata kikombe. Alikuwa anapita tu. Huyo ndiye anayepewa amri: "Ukimwona ng'ombe wa adui wako, au punda wake, amepotea, usikose kumrudishia tena." Kumbukumbu la Torati inarudia amri hiyo kwa habari ya ng'ombe na kondoo wa ndugu, na kuongeza agizo ambalo kila ninapolisoma naona Musa aliwafahamu watu wa kijijini: usijifiche.

Mtu anajifichaje mbele ya ng'ombe? Kwa urahisi kabisa. Anavuta pazia. Anaingia jikoni na kukoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Anashika simu. Akiwa njiani anachepuka kwenye kichochoro cha chini, na jioni akiulizwa anajibu, "Mimi sikumwona." Hakuna shahidi wa kulipinga jibu hilo ila Mungu.

Sababu za kujificha zipo na si zote za kipuuzi. Kuna kazi: kamba inatafutwa, suruali inaingia matope, saa nzima inakwenda. Kuna hofu pia, na hii tuizungumze wazi, maana inawazuia hata watu wema. Ukimpeleka ng'ombe nyumbani kwa mtu mliyegombana naye, unaweza kupokelewa kwa swali: alitokaje, na wewe ulikuwa wapi alipotoka? Wapo waliorudisha mnyama wakaambiwa ni wao waliomfungulia. Aliyewahi kuambiwa hivyo, safari nyingine akiona mbuzi barabarani anatazama juu kuangalia kama mvua itanyesha. Kwa hiyo tunaopokea nasi tuna la kujibu. Tukimpokea mwema kwa shutuma, tumekifundisha kijiji kizima kujificha.

Halafu kuna sababu ya tatu, ile ambayo hatuisemi hata kwenye maombi. Kumwona mnyama wa mtu aliyekukosea akipotea kuna utamu wake. Kidogo tu. Wewe hukumfungulia, hukumpiga jiwe, umekaa kimya, na hasara inamwendea yeye mwenyewe kwa miguu minne. Nadhani ndiyo maana Kutoka ikamtaja adui kwa jina hilo hilo. Mungu angeweza kusema "jirani" tukapita kwa urahisi.

Nitawasimulia habari ya nyumba mbili bila kuzitaja. Vihamba vyao vinapakana, na mpaka umepandwa masale, ile mimea ya kuonyesha mipaka, kama ilivyo desturi. Upande mmoja unasema masale yamehamishwa. Upande wa pili unasema yapo pale pale tangu enzi za babu. Shauri lilikwenda kwa wazee wa ukoo, likaenda baraza la kata, na watu wakaacha kusalimiana hata kwenye mlango wa kanisa, ingawa wanakunywa kikombe kimoja cha Bwana.

Masika moja mtamba wa upande mmoja alifungua kamba akavuka mpaka. Alikuwa na mimba ya kwanza. Mama wa upande wa pili alimkuta katikati ya maharage yake, bado machanga na yamelowa umande. Hapo alikuwa na njia tatu. Angeweza kumwacha ale hadi hasara iwe kubwa, kisha amwite mwenyekiti wa kitongoji aje kutathmini. Hiyo ingekuwa haki yake na ushahidi mzuri wa kesi. Angeweza kumswaga hadi barabarani na kumwacha huko. Au angeweza kufanya lile agizo la Musa. Nani angemlaumu kwa zile mbili za kwanza?

Na kuna jambo ambalo mtu wa mjini halijui: ng'ombe akila maharage mabichi yaliyolowa akashiba, tumbo linaweza kujaa gesi. Ubavu wa kushoto unavimba, anahema kwa shida, na asipopata msaada mapema anakufa. Kwa hiyo kimya cha yule mama kisingekuwa kimya tu. Saa moja ya kutoona ingeweza kuua wawili, mama na ndama tumboni.

Alimfunga kamba, akampeleka. Alisimama nje ya lango ambalo hakuwa amelikaribia kwa muda mrefu, akapiga hodi. "Mtamba wenu huyu hapa, baba. Amekula maharage mabichi. Mtembezeni asilale, na mumwite bwana mifugo." Akageuka akaondoka. Hakuuliza habari ya mpaka wala hakuhubiri.

Tazameni kwamba amri haikumtaka kwanza apatane. Haikusema ampende adui yake moyoni, kisha akiwa tayari amrudishie mnyama. Imesema amrudishe. Miguu ndiyo iliyoagizwa. Mstari wa tano unakwenda mbali zaidi: ukimkuta punda wa anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, nawe unatamani kupita zako, msaidie. Maandiko yanakubali kwamba utatamani kupita. Hayajifanyi kwamba mwamini hana hasira. Yanamshika na hasira zake na kumpa kamba mkononi. Karne nyingi baadaye Bwana wetu alisema "wapendeni adui zenu," na sisi tukaligeuza kuwa jambo la kuhisi ndani wakati wa wimbo.

Upande wa pili wa mpaka nao una amri yake. Kutoka 22:5 inasema mtu akimwachilia mnyama wake akala shamba la mwingine, atalipa kwa vilivyo bora vya shamba lake mwenyewe. Vilivyo bora, wapendwa. Si yale maharage ya chini ya gunia yenye wadudu. Yule baba alipeleka debe la maharage mazuri, aliyokuwa ameyatenga kwa mbegu. Mtamba alipona. Kesi ya mpaka bado ipo barazani mpaka ninapoandika, na sitawadanganya kwamba ng'ombe aliimaliza. Ila wanasalimiana. Ninyi mnaojua mila zetu mnakumbuka pia kwamba isale lina kazi mbili: ndilo alama ya mpaka, na ndilo jani la kuomba msamaha, ambalo aliyekosewa akiletewa hapaswi kulikataa. Wazee walipanda msamaha kwenye mstari ule ule ambao wajukuu wao wanaugombania.

Wala tusione haya ni mambo madogo ya kihambani. Katika nchi hii ugomvi wa mifugo na mashamba umeshamwaga damu. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mambo hufika huko baada ya miaka ya watu kuonana wakijifanya hawaonani.

Sasa fungueni 1 Samweli 9. Punda wa Kishi wamepotea, na Sauli ametumwa na kijana mmoja kuwatafuta. Wanapita milima ya Efraimu, nchi ya Shalisha, Shaalimu, Benyamini, hakuna punda. Wanafika Sufu chakula kimekwisha, na Sauli anaanza kufikiri kwamba baba yake sasa ameacha kuwawazia punda anawawazia wao. Kila mfugaji amewahi kusimama mahali hapo. Wanapomfikia Samweli, anamwambia asijitaabishe, wameshaonekana. Nani aliwaona? Maandiko hayamtaji. Sauli tunamjua, Kishi tunamjua, hata robo shekeli iliyokuwa mkononi mwa yule kijana tumeandikiwa. Kama kulikuwa na mtu aliyewakuta punda wale akawarudisha, amebaki bila jina. Mimi napenda kufikiri alikuwapo: mtu wa Benyamini asiyejificha, akarudi shambani kwake bila kujua kwamba mwana wa nyumba ile alikuwa anapakwa mafuta kuwa mfalme.

Nikitoka kwa wanyama kuja kwa watu, neno langu ni fupi, maana mmeshaona ninakoelekea. Kijana wa jirani umemwona stendi ya mjini, amelewa asubuhi. Binti wa shemasi umemwona mahali ambapo wazazi wake hawajui. Mume wa dada wa kwaya umemkuta kwenye kibanda cha kubeti na ada ya watoto mfukoni. Umemwona. Tatizo letu kanisani ni kwamba tunamwambia kila mtu isipokuwa mwenyewe. Habari inazunguka vikundi vya simu vyote, inafika mpaka kwa ndugu walioko Dar es Salaam, na mama mzazi ndiye wa mwisho kuisikia. Huko ni kujificha pia, ila kwa kelele. Torati inasema kama mwenyewe yuko mbali au humjui, mchukue mnyama nyumbani kwako, akae kwako mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Nyumbani kwako, alishwe majani yako. Kama ng'ombe alistahili hayo, kijana wa stendi anastahili angalau chai na mahali pa kulala usiku mmoja huku unampigia simu baba yake.

Utasema hatakufuata, hakujui. Huenda. Isaya anasema ng'ombe amjua bwana wake, na ndoo ya pumba ya mgeni haina sauti ile. Lakini wale watoto tuliowapanga kwenye vichochoro hakuna anayewataka waitwe mchungaji. Kazi yao ni kusimama tu. Katika Ezekieli 22 Mungu alimtafuta mtu wa kusimama mahali palipobomoka, akakosa hata mmoja.

Limebaki swali moja la vitendo, ambalo huulizwa kila mwaka, kwa sababu wanyama wetu wana tabia ya kutoroka Jumapili, wakati watu wote wamevaa viatu vizuri. Je, niache ibada? Yesu alishaulizwa swali la namna hiyo katika sinagogi, siku ya sabato, akawauliza ni nani kati yao mwenye kondoo mmoja aliyetumbukia shimoni ambaye hatamshika na kumtoa. Hakuna aliyejibu. Kwa hiyo Jumapili hii ukimkuta njiani ng'ombe wa mtu, hasa wa yule, mrudishe kwanza. Litania itakuwa imeshapita utakapofika. Ingia na matope yako, kaa benchi la nyuma, na kama wahudumu wa mlangoni watakuuliza, waambie ulikuwa kwenye Kutoka 23.