Wagonjwa wa Februari, hela ya Julai

Benki mbili za biashara zilinikatalia mkopo wa kujenga hospitali kabla sijajua kwamba nilikuwa nabisha hodi nyumba isiyo yangu. Ya tatu ilikubali: mkopo wa miaka minne, rejesho la kwanza mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata ningekuwa bado nachimba msingi! Duka la jumla unalifungua leo, kesho unauza. Hospitali unajenga, unanunua vitanda, unaajiri wauguzi, halafu unasubiri usajili ndipo umpokee mgonjwa wa kwanza.

Wakati huo nilikuwa na zahanati Isevya, hapa Tabora mjini, mwaka wa 11. Maabara ndogo, chumba cha kujifungulia, vitanda vichache vya mapumziko. Kila aliyehitaji upasuaji tulimwandikia rufaa kwenda Kitete, hospitali ya mkoa, na wapo waliochagua kusafiri hadi hospitali ya misheni ya Nkinga. Nilichoka kuandika rufaa.

Mwenzangu tuliyesoma pamoja ndiye aliyeniambia nitafute mkopo wa benki ya maendeleo. Wengine walinishauri niandike moja kwa moja Abidjan, kwenye Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwao mradi wangu ni chembe. Wale hukopesha serikali na miradi mikubwa, na fedha za watu wa saizi yangu hupitia benki za ndani. Basi nikaenda ya ndani. Masharti yake yalikuwa mengine kabisa: miaka 10 ya kulipa, miaka miwili ya mwanzo bila kurejesha mtaji, nami nitoe asilimia 30 ya gharama yote kutoka mfukoni. Uzuri huo una bei. Benki ya namna hii inataka kukuona hadi utumbo.

Nilikuwa nimemlipa mtaalamu wa Dar es Salaam aniandikie andiko la mradi. Lilitoka kurasa 60 na picha za wauguzi wanaocheka. Ofisa mikopo alipofika Tabora alilifungua, akalifunga, akauliza, "Daktari, vitabu vya MTUHA viko wapi?"

Nilidhani anatania. Vitabu vile vya kuandikia wagonjwa na huduma tunavijaza kwa ajili ya taarifa za wilaya, na ukweli ni kwamba wengi wetu tunavijaza kwa kununa. Alikaa na kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje, siku mbili nzima, akihesabu mwezi kwa mwezi kwa miaka mitatu. Pembeni akaweka stakabadhi za malipo. Siku ya tatu akanigeuzia karatasi yake.

"Februari unao wagonjwa, hela huna. Julai hela unayo, wagonjwa wamepungua. Andiko lako linasema miezi yote inafanana."

Niliona aibu, kwa sababu jambo hilo kila mtu wa Tabora analijua. Mvua zinanyesha Novemba hadi Aprili, malaria inapanda, watoto wanaletwa wamelegea. Na ndiyo miezi ambayo mkulima hana kitu: tumbaku iko shambani au inakaushwa kwenye bani, na soko bado halijafunguliwa. Mtu anakuletea mtoto na kuku, au ahadi. Mtaalamu wangu wa Dar alichukua mapato ya mwaka akagawanya kwa 12. Nami nikatia saini bila kusoma vizuri, nikiwa na haraka ya kuona jengo.

Andiko tuliliandika upya, safari hii mimi na mhasibu wangu, usiku baada ya kufunga zahanati. Madai ya bima tuliyaandika kana kwamba yatalipwa baada ya siku 90, tena yakiwa yamekatwa kidogo, maana fomu moja iliyokosewa inatosha kurudishiwa dai. Nikaenda kuzungumza na vyama vya msingi vya wakulima: mwanachama aje na barua, atibiwe, chama kikate kwenye mauzo yake ya tumbaku. Viwili vilikubali. Kwa hesabu hizo mpya, vitanda 80 nilivyoviota havikubebeka. Tulishuka hadi 40, tukatanguliza chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi. Roho iliniuma wiki nzima.

Lakini nilipopeleka karatasi hizo niliomba jambo ambalo nisingethubutu kuliomba mwanzoni: marejesho yasiwe ya kila mwezi. Yawe mawili kwa mwaka, kubwa liangukie Septemba, wakulima wakishalipwa. Walikubali bila ubishi mkubwa.

Mkopo wa dola nao uliletwa mezani, riba yake chini. Niliukataa. Hakuna mgonjwa Isevya anayelipa kwa dola.

Dhamana ilikuwa kiwanja chenyewe na nyumba tunayoishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo mke wangu aliitwa. Alisoma zile karatasi taratibu kuliko nilivyozisoma mimi, kisha akauliza, "Baba watoto, ukifa kabla deni halijaisha?" Kabla hajatia saini ilibidi nikate bima ya maisha inayofunika mkopo. Hati ya kiwanja nayo ilikuwa ya makazi, na kubadili matumizi kulinila miezi tisa. Jalada lilipotea mara moja, likaonekana chini ya majalada mengine.

Watu wanadhani benki inakupa begi la hela. Haikupi. Kwanza asilimia 30 zako ziishie kwenye ukuta, wazione. Kisha mhandisi anapima kazi, anaandika hati ya malipo, benki inamlipa mkandarasi mwenyewe. Hati ya pili ilichelewa, mafundi wakaondoka, Novemba ikatukuta kuta zimesimama bila paa. Niliuza gari ili mabati yafike. Na ile miaka miwili ya neema si ya bure, riba inaendelea kuhesabiwa, hivyo kila wiki ya kuchelewa nilikuwa nailipia.

Tulifungua. Februari hii wodi ya watoto ilijaa, mhasibu akaniletea orodha ya wadaiwa kurasa nne, amekunja uso. Nilimwambia azipange kwa chama cha msingi, si kwa jina, na fungu la Septemba asiliguse hata kwa dizeli ya jenereta. Alinuna, akaenda kuzipanga.