Pweza wangu na neno "quite"

Jikoni kwangu, ukutani juu ya mtungi wa gesi, kuna karatasi niliyoibandika miaka 6 iliyopita. Niliichana mwenyewe kwenye kitabu cha wageni, na ruhusa sikuomba. Imeandikwa: "The octopus was quite good." Pweza wa nazi ndiye fahari yangu, nilirithi kwa bibi mzaa mama, na katika nyumba hii ya wageni hapa Jambiani hakuna mwengine anayeigusa sufuria ile. Skuli tulifundishwa kuwa "quite" ni kabisa. Basi mie nikasoma: pweza alikuwa mtamu kabisa. Nikabandika.

Mwaka jana wakaja mke na mume, watu wazima, mke Mwingereza, mume Mmarekani. Asubuhi nikawapelekea chai na mkate wa kumimina. Mume akauma kipande, akasema, "This is quite good." Mke akamkata jicho: usimwambie hivyo mpishi, utamuudhi. Mume akashangaa, kwani si nimemsifu? Ukazuka ubishi palepale mezani, chai inapoa, nami nimesimama na sinia mkononi.

Kumbe Mmarekani akisema "quite good" anakusudia kizuri hasa. Mwingereza, mara nyingi, anakusudia kizuri kiasi: kinalika, lakini usimngoje aombe nyongeza. Yule bibi akanieleza kuwa sauti nayo ina kazi yake. Akikaza "quite", sifa inashuka. Akikaza "good", inapanda. Lakini karatasi yangu haina sauti.

Mwalimu wetu naye hakudanganya. "Quite right" ni sawa kabisa, "quite empty" ni tupu kabisa, kwa Mwingereza na kwa Mmarekani. Mie nina kipimo changu cha jikoni: nalijaribu lile neno linalofuata kwa "kidogo". Chai yaweza kuwa tamu kidogo, kwa hiyo hapo "quite" ni ya kutilia shaka. Lakini samaki akifa kafa, hakuna kufa kidogo. Hapo ni kabisa. Halafu kuna "quite a few", ambayo ukiifuata neno kwa neno utadhani wageni ni wachache, nawe upike kilo moja ya wali. Maana yake si wachache! Na "not quite" ni bado kidogo. (Mpwa wangu yeye huandika "quiet good". Chakula kimya.)

Usiku nikamaliza bando nikisoma asili yake. Neno hili na "quit" ni ndugu, limepitia Kifaransa cha kale, na maana yake ya mwanzo ilikuwa kuwa huru, kutodaiwa. Aliyelipa deni kalipa lote, ndipo ikaja kabisa. Hii "kiasi" imeenea baadaye, karne ya 19.

Nilitaka kuwakasirikia Waingereza, nikamkumbuka jirani yangu mvuvi. Ana mashua tatu na nyumba ya bati jipya, lakini ukimuuliza hali atakwambia, "Si haba." Mgeni anayejifunza Kiswahili atamwonea huruma. Ila sisi tunasema kidogo tukikusudia kingi. Wao wamechukua neno la kujaa wakaligeuza nusu kibaba, na hilo, kwa mpishi, ni baya zaidi.

Siku wanaondoka niliingia jikoni nikaitazama ile karatasi. Pembe ya chini ilikuwa imeshika mafuta na masizi, sijapata kuisoma tangu niibandike. Nikaipangusa kwa kitambaa. Jina, na chini yake: Leeds.

Nikatoka nje mbio, teksi inapakia mabegi, nikamuuliza yule bibi Leeds iko nchi gani. Nilikuwa nishajua, lakini nilimuuliza.