Kurudi Amani Kufuata Kuvu Isiyo na Jina

Nilirudi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mvua za masika zilipokuwa zikielekea ukingoni, kwa sababu jani moja halikutosha. Katika mfuko wa majani makavu uliokuwa umeletwa maabara kutoka Usambara Mashariki palikuwa na kipande kimoja cha jani chenye kuvu ambayo haikulingana na yoyote niliyoifahamu. Ilikuwa imekalia eneo dogo mno, hata kila nilipoinyofoa kwa ncha ya sindano ili niitazame kwenye hadubini nilikuwa naipunguza. Anayetaka kueleza spishi mpya hana budi kubakiwa na kielelezo cha msingi, yaani sampuli moja inayohifadhiwa na kubeba jina hilo daima, ili atakayekuwa na shaka miaka mia ijayo aende akaifungue na kujionea mwenyewe.

Kutoka Morogoro nilipitia Chalinze na Segera hadi Muheza, nikaiacha barabara kuu ya Tanga na kuelekea milimani kupitia mashamba ya michungwa. Sigi, mahali palipokuwa kituo cha reli enzi za Wajerumani, ndipo lilipo lango la hifadhi ya mazingira asilia, na kuanzia hapo gari hupanda kona baada ya kona hadi Amani, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia, wakapanda miti kutoka pembe nyingi za dunia. Historia hiyo inamgusa sana mtafiti wa kuvu, kwa kuwa kuvu nyingi zinazoozesha majani huchagua mti. Jani lililookotwa chini ya mti wa kigeni lina habari tofauti na jani la mti uliokuwapo tangu asili, na katika msitu huu majani hayo yote yamelala pamoja chini.

Ndiyo maana niliambatana na mzee mmoja wa kijiji cha jirani ambaye ameongoza watafiti kwa miaka mingi. Nilimwonyesha kipande changu cha jani ndani ya bahasha. Alikiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya mishipa myembamba iliyosongamana, kisha akasema, "Mwanangu, huu ni msambu. Lakini hapa juu majani yake bado magumu. Ukitaka yaliyolainika, tushuke bondeni karibu na maji." Msambu ni Allanblackia stuhlmannii, mti wa milima yetu ya Tao la Mashariki ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Tuliutambua kwa mbali kutokana na matunda yake makubwa ya rangi ya kahawia yaliyokuwa yameanguka na kupasuka kati ya mizizi.

Kazi ya kukusanya ni ya kupiga magoti. Majani ya juu, yaliyoanguka karibuni, tuliyaacha. Yaliyo chini kabisa yalikuwa yamekwisha kuwa udongo. Tuliyoyataka yalikuwa katikati, yale yaliyogeuka rangi ya kahawia iliyokoza lakini bado yameshika umbo. Niliyatia katika mifuko ya karatasi, kwa kuwa ndani ya plastiki majani hutoa jasho na ukungu wa kawaida huyafunika kabla hujafika nyumbani. Kwenye kila mfuko niliandika kwa penseli mahali, mwinuko, mti na tarehe, maana wino huyeyuka kwa unyevu.

Maabara niliyakata majani vipande, nikavilaza katika sahani za kioo juu ya karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa, nikangoja. Katika baadhi ya sahani kuvu ile ilichomoza tena, na safari hii ilikuwa nyingi. Kwa lenzi ya mkononi ilionekana kama vumbi jeusi tu. Chini ya hadubini vumbi hilo lilikuwa nywele ndefu nyeusi zenye kuta nene, kila moja ikiota kwenye seli ya chini yenye pembe pembe mithili ya nyota, na katikati ya nywele hizo mabua mafupi yenye spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, za rangi ya kahawia. Kila spora ilichongoka ncha zote mbili, na kiunoni ilikuwa na mkanda mwembamba usio na rangi.

Mkanda huo uliniambia nianzie wapi kulinganisha. Beltrania rhombica, kuvu iliyoelezwa na mtaalamu Penzig mwaka 1882, hupatikana mara nyingi kwenye majani yanayooza ya nchi za joto. Spora yake ina urefu wa kati ya mikrometa 15 na 30, ni kama tiara ya watoto, pembe nne na mkia mfupi nchani. Kuvu yangu haina mkia. Beltraniella, jenasi jamaa yake, nayo haina mkia, lakini spora yake ni butu upande mmoja. Pseudobeltrania, jenasi nyingine jamaa, haina nywele nyeusi. Mtaalamu wa kuvu K. A. Pirozynski, aliyeipitia upya jamii hii mwaka 1963 na kuchapisha mwaka 1972 maelezo ya kuvu ndogo za Tanzania, ametuachia michoro ninayoithamini kuliko picha nyingi za siku hizi, kwa sababu mchoraji analazimika kuamua kila mstari alichokiona hasa.

Umbo pekee halitoshi tena. Nimeotesha spora moja moja kwenye agari, yaani rojo la kuoteshea kuvu, ili nipate vinasaba safi, nisome kipande kiitwacho ITS, ambacho tangu mwaka 2012 kinakubalika kuwa alama rasmi ya kutambulisha kuvu. Kuvu zilizokwisha kupewa majina duniani ni kama 150,000 tu, ilhali makadirio ya mwaka 2017 yaliweka idadi kamili kati ya milioni 2.2 na 3.8. Kwa hiyo kutofanana na chochote kilichomo kwenye hazina ya vinasaba si ushahidi wa kutosha. Inawezekana jamaa yake alielezwa zamani kwa mchoro na hajawahi kusomwa vinasaba. Lazima vielelezo vya zamani vifunguliwe, na vingi vya Afrika Mashariki viko kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza.

Nimeamua kwamba kielelezo cha msingi cha kuvu hii, ikithibitika, kitakaa Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya sampuli zilizokaushwa, Arusha, na nakala yake ndiyo itakayosafiri. Mwanafunzi wa Tanga au Morogoro asihitaji viza kuona kilichookotwa bondeni Amani. Tangu mwaka 2013 jina jipya la kuvu halikubaliki bila namba ya usajili, nayo nitaiomba baada ya majibu ya Kew kufika. Kwa sasa bahasha imeandikwa jina la mti, mahali na tarehe, na sehemu ya jina la spishi imeachwa wazi.