Mazoezi ya njiti kwa WhatsApp
Jamani mama njiti wenzangu, tuliojifungua kabla ya wakati, hii ya mazoezi ya mtoto kwa video za WhatsApp imenibeba. Wangu kazaliwa mimba ikiwa na wiki 30, saivi ana miezi sita ila dada wa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anamhesabu kama wa miezi minne hivi maana zile wiki 10 zilizobaki kufika 40 zinatolewa, kwahiyo mnaoniuliza mbona hakai naomba mtulie 😂 Namrekodi akiwa kifudifudi mkekani, natuma, najibiwa kwa voisi noti, kunja kitaulo weka chini ya kifua, mwoneshe kitu cheusi na cheupe ageuze shingo kushoto. Bando linakatika ila bora hivyo kuliko daladala na mtoto mdogo vile. Baba ndo kamera meni, video zote zinatetemeka.