Kabla ya mshahara wa mwisho: nilivyomtafutia mama nafasi ya bima

Nimefundisha shule za msingi za Temeke, Dar es Salaam, tangu nikiwa binti, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kunikata 2001, mwaka ulipoanza kazi. Asilimia tatu ya mshahara nilitoa mimi, tatu aliweka mwajiri. Kwa mwenye mshahara wa 1,000,000, hiyo ni 30,000 kila mwezi, na mwalimu kijana asiyejua hata njia ya hospitali huiona kama dhuluma. Mimi sikuilalamikia, maana kadi yangu ilibeba watu: baba watoto, kitinda mimba wangu, na mama mzazi mwenye presha na kisukari.

Sisi tuliokuwa tunakaribia 60, umri wa kustaafu, tukikaa staff room mada ilikuwa kikokotoo tu, ile hesabu ya mafao. Kiinua mgongo kitakuwa kiasi gani, pensheni itaanza lini, nani amejenga na nani bado. Bima iliguswa kwa sentensi moja: "Ah, mstaafu anatibiwa bure." Ni kweli. Mchangiaji akistaafu anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa hata senti. Ila hapo penye "yeye na mwenza wake" ndipo niliposhtuka. Wategemezi wengine wote wanashuka kwenye gari, na mama yangu alikuwa mmoja wao.

Kwa kadi yangu na ya baba watoto sina mengi ya kusema. Barua ya kustaafu, kadi za zamani, picha, cheti cha ndoa, nikapeleka, nikapewa. Nilichofanya mapema ni kumwomba afisa utumishi barua ile miezi kadhaa kabla, kwa sababu barua za ofisini kwetu zina mwendo wake. Kitinda mimba naye hakunisumbua: yuko chuo, na bima ya wanafunzi wa vyuo ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Nililipa, tukamalizana.

Shughuli ilikuwa mama.

Mdogo wangu wa kiume ni mtumishi wa serikali pia, kwa hiyo naye ni mchangiaji. Sheria inamruhusu mchangiaji kuandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne: watoto, wazazi wake, au wazazi wa mwenza wake. Nikampigia simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, mimi nimejaa." Watoto watatu na mama mkwe. Nne hizo.

Hapa kuna jambo ambalo ofisi haiwezi kukusaidia. Kumwambia mtu amtoe mama mkwe wake ili aingie mama yako ni kuwasha moto kwenye nyumba ya watu. Sikuligusa kabisa. Badala yake nilimuuliza habari za mtoto wake mkubwa, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri majibu ya udahili. Akipata chuo, atakuwa na bima yake ya mwanafunzi, na nafasi yake kwenye kadi ya baba itakuwa wazi. Mdogo wangu akacheka, akasema nimekuwa dalali.

Lakini nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe mwingine. Wifi ana baba, mzee naye, hana bima. Nikaenda kwake Jumapili na mfuko wa machungwa, tukakaa uani. Sikuzunguka sana. Nilimwambia bima ya mwanafunzi kwa mwaka wa kwanza nitailipa mimi, ile 50,400, na kwamba kijana hatapungukiwa na kitu. Wifi akanitazama, akasema, "Wifi, mama yangu mimi yumo humo miaka yote na hujawahi kuuliza. Mlete mama." Yaliyobaki tulizungumza habari za bei ya mchele.

Makaratasi yakaja na kituko chake. Ili mdogo wangu amwandikishe mama, cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu mwenyewe lazima kimtaje mama huyo. Kilimtaja, lakini kwa jina lake la usichanani na "binti" katikati, wakati kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, kina majina matatu ya mpangilio mwingine. Wazee wetu wengi wako hivyo. Dawa yake ni hati ya kiapo kwa wakili, kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ukiwa na mzazi wa umri huo, litazame jambo hili leo, kabla hujamhitaji wakili kwa haraka.

Chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, mimi nilistaafu Agosti. Katikati mama alibaki bila kadi. Tulitumia dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Kumwona daktari hakukuwa na tatizo. Dawa ndizo zilizokuwa za kubahatisha: zikiwepo unapewa, zisipokuwepo unaandikiwa ukanunue, na dawa za presha hazisubiri. Nilikuwa nimetenga fedha ya dawa ya miezi minne kutoka kwenye mishahara yangu ya mwisho. Naona huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote niliyofanya, kwa sababu kiinua mgongo nacho hakikuja siku niliyokabidhi chaki.

Kadi ya mama ilitoka kabla ya Krismasi. Mtoto wa pili wa mdogo wangu yuko kidato cha tano sasa. Akienda chuo nafasi nyingine itafunguka, na hiyo wifi ameshaiwekea jina la baba yake. Nimemwambia cheti chake cha kuzaliwa aanze kukitafuta sasa.